Uzi wa zambarau si ubovu wa kamera
Piga picha Jiwe la Bismarck pale Mwanza saa sita mchana, anga ikiwaka nyuma yake, na ukingoni mwa mwamba huenda ukaona uzi wa zambarau. Wengi husema kamera ni mbovu. Mara nyingi chanzo ni lenzi: kioo hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, rangi zikakosa kukutana mahali pamoja. Punguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga kutoka f/1.8 hadi f/5.6 (namba kubwa ni tundu dogo), kwa kawaida uzi hufifia. Ule wa pembeni mwa picha huondolewa kwa programu ya kuhariri picha.

Na wachambuzi wa lenzi wanaoulalamikia uzi huu? Wasome, ila angalia walivyopima. Anayekuza matawi yaliyo mbele ya anga nyeupe, tundu wazi kabisa, kaenda kulitafuta kosa (hata mimi ningelipata). Tena kamera nyingi za leo husahihisha zenyewe picha za JPEG, yaani zile zinazotoka zikiwa tayari.