Nakala rudufu ni nini, na kwa nini diski moja haitoshi

Nakala rudufu ni nakala ya data iliyowekwa mahali ambapo balaa linaloipata data asili haliwezi kuifikia. Ukinakili faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile, una faili mbili lakini nakala rudufu huna: diski ikifa, zote zimekwenda.

Wengi huona wameshamaliza kazi faili zikiingia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hapo ndipo wanaponaswa, kwa sababu huduma hizo kwanza kabisa husawazisha: hufanya vifaa vyako vyote vionyeshe kitu kilekile. Ukifuta faili kwenye simu, na kwenye kompyuta inafutika. Kwenye Google Drive, kilichofutwa hukaa pipani siku 30, kisha huondolewa. Asiyegundua ndani ya muda huo ameshachelewa.

Kanuni inayofaa ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3 ukihesabu na ile unayoifanyia kazi, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya jengo. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na huduma ya mtandaoni. Diski inayotembea kwenye begi moja na kompyuta haisaidii siku mwizi akipita na begi.

Diski hiyo ichomolewe kila ukimaliza kunakili. Virusi vya kudai fidia, mfano WannaCry iliyosambaa Mei 2017, hugeuza faili kuwa kitu kisichosomeka, na diski iliyochomekwa huingia humohumo. Flashi, kwa upande wake, ni ya kusafirishia tu. Hutunza data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole, hivyo usiiache kabatini miaka na miaka ukaitegemea.

Kisha ijaribu nakala yako, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Diski iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo video ndefu inakataliwa huku picha ndogo zikipita, na ukiwa umeondoka mbele ya skrini huoni onyo. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Halafu chomeka diski kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili chache kutoka folda tofauti, kubwa na ndogo. Kuona jina la faili si ushahidi. Faili ya KB 0, yaani tupu, nayo ina jina.

Kama umeifunga nakala kwa nywila, na ni vizuri uifunge, iandike nywila hiyo kwenye karatasi na kuitunza mbali na diski. Usimbaji imara, yaani kufunga data isisomeke bila nywila, hauna mlango wa nyuma: nywila ikipotea, hata fundi hodari hawezi kukurudishia data.