"Ukoma" wa Walawi 13 sio ukoma, na kuhani sio daktari

Kila nikifundisha Walawi 13 na 14 lazima mtu anyooshe mkono, ticha, hizi si sheria za karantini tu za enzi zile hakuna hospitali? Namuelewa, maana Biblia yetu imeandika "pigo la ukoma" na ukisoma ukoma unawaza vidole kukatika. Ila Kiebrania kinasema tzaraati, na tzaraati inashika nguo, inashika mpaka ukuta wa nyumba, sasa ukoma gani unashika ukuta jamani?

Kuhani anakagua doa, anaangalia kama nywele za pale zimegeuka nyeupe, asipopata jibu mtu anatengwa siku 7 halafu anakaguliwa tena. Dawa hatoi hata moja. Na mstari wa 13 unasema doa likienea mwili mzima, kichwa mpaka miguu, huyo ni safi! Mishna nayo, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, inasema bwana harusi akitokewa na doa anaachwa amalize siku zake 7 za sherehe ndo akaguliwe. Karantini gani inasubiri harusi iishe.

Halafu nyumba. Kabla kuhani hajaingia kuikagua, Torati yenyewe inaamuru vitu vyote vitolewe nje visije vikahesabiwa najisi. Rabi Meir, mmoja wa marabi wa Mishna, akauliza ni vitu gani hasa vinaokolewa pale, maana nguo, mbao na chuma unavitosa majini vinatakasika, kinachobaki ni chombo cha udongo tu, mtungi wake na birika lake. Yaani Mungu anahurumia mtungi wa mtu! Hapo mimi huwa nasimama kidogo darasani, siwezi kupapita haraka.

Sasa kiini chenyewe ni hiki, doa halimnajisi mtu mpaka kuhani atamke "najisi" kwa mdomo wake. Hata kama kuhani hajui kitu, msomi anamkagulia, anamwambia sema najisi, akisema tu imekuwa. Mwenye nyumba naye, hata awe amesoma vipi, haruhusiwi kusema "kuna pigo", anasema "naona kitu kama pigo". Ulimi umewekewa breki kila kona, na sababu ni kwamba marabi kwenye Talmudi (mijadala yao juu ya Mishna), sehemu inayoitwa Arakhini, wanataja makosa kadhaa yanayoleta tzaraati, kiburi kimo, uchoyo umo, kiapo cha uongo kimo, lakini wanalolishikilia zaidi ni lashoni hara, kumsema mtu vibaya, na hata ukisema ukweli mtupu bado ni lashoni hara. Miriamu alimsema mdogo wake Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, akawa mweupe kama theluji, akakaa nje siku 7, na kambi nzima haikuondoka mpaka aliporudishwa.

Kwa nini mwenye tzaraati akae peke yake? Talmudi inajibu, maneno yake yalimtenganisha mume na mke, mtu na rafiki yake, basi naye atengwe. Rambam, yaani rabi Maimonide wa karne ya 12, anaongeza kwamba onyo linaanzia mbali, kwanza ukuta wa nyumba, asipojirekebisha vitu vya ngozi, halafu nguo, mwilini ndo mwisho.

Na akishapona, kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kwenda kumwangalia. Wanaletwa ndege wawili, kwa sababu ndege hawanyamazi, wanalialia muda wote kama mdomo wa msengenyaji, mmoja anachinjwa juu ya maji ya chemchemi, kuhani anatamka "safi", na yule wa pili anaachiwa aruke zake porini.