Kuingia seva za chuo kwa SSH ukiwa Lamu

Aliyerudi Langoni au Mkomani kwa likizo huku picha zake za setilaiti na hesabu zake zimebaki kwenye seva za chuo hahitaji kompyuta kubwa nyumbani. Laptopu yoyote inatosha, pamoja na bando na SSH, programu ya kuingia kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa, yaani isiyosomeka na mtu wa pembeni. Linux na macOS huja nayo. Windows 10 na 11 pia zinayo, fungua PowerShell uandike `ssh`. Hakuna haja ya kupakua programu kutoka tovuti usiyoijua.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama waifai ya gesti ni salama. Kwa SSH, ndiyo, kwa sharti moja nitakalolieleza. Mfini aitwaye Tatu Ylönen aliitengeneza SSH mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo na kuzoa nywila zilizokuwa zikipita wazi. SSH husimba kila kitu kabla hujaandika nywila. Mwenye waifai ataona tu kwamba umeunganishwa na anwani fulani na data imepita kiasi gani.

Sharti lenyewe liko kwenye mara ya kwanza. Ukiandika `ssh jina@lango.chuo.example` (weka jina lako na anwani ya chuo chako), programu itakuambia haiitambui seva hiyo, ikuoneshe alama yake inayoanza na `SHA256:` ikifuatwa na mfuatano wa 43 wa herufi, tarakimu na pengine `+` au `/`, kisha ikuulize kama uendelee. Karibu kila mtu huandika `yes` bila kusoma. Hapo ndipo mtu aliyejiweka katikati hupata nafasi: akikupa seva yake ukaikubali, usimbaji wote unaofuata ni kati yako na yeye. Pata alama halisi kwenye ukurasa wa idara ya kompyuta ya chuo, au wapigie simu. Matoleo ya miaka ya karibuni ya OpenSSH, ndiyo hiyo programu ya `ssh`, hukuruhusu kubandika alama hiyo mahali pa `yes`. Programu italinganisha yenyewe na kukataa zisipofanana. Macho ya binadamu huchoka kwenye herufi ya kumi, kwa hiyo bandika.

Seva ikishakubaliwa, hukumbukwa kwenye faili `known_hosts`. Siku utakapoona onyo kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usikimbilie kulifuta. Mara nyingi chuo kimebadilisha mashine, lakini uliza kwanza. Wakithibitisha:

`ssh-keygen -R lango.chuo.example`

Sasa upande wako. Nywila hubahatishwa, seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hugongwa na roboti mchana na usiku. Tengeneza jozi ya funguo za kutumia badala ya nywila, mmoja wa siri na mmoja wa umma:

`ssh-keygen -t ed25519 -a 100 -C "laptopu-lamu"`

Ukiombwa fungusiri ya kulinda ufunguo, weka sentensi ndefu. Wengi hubonyeza Enter wakaiacha tupu, na hapo yeyote atakayeiba laptopu ameiba na akaunti ya chuo. Ile `-a 100` huongeza mizunguko ya hesabu ili kuibahatisha sentensi hiyo kuwe kazi ya kuchosha. Faili inayoishia na `.pub` ndiyo ya kupeleka chuoni. Ile isiyo na `.pub` haitoki kwenye laptopu, hata kwa WhatsApp ya kujitumia mwenyewe. Kwenye Linux, `ssh-copy-id` huipeleka ile ya umma. Windows haina amri hiyo, hivyo ongeza mstari wake kwa mkono mwishoni mwa `~/.ssh/authorized_keys` huko kwenye seva. Uwe mstari mmoja usiokatika.

Ukimaliza haya yote na seva bado inaomba nywila, tatizo huwa ni ruhusa za faili. Seva hukataa kimya kimya ufunguo uliomo kwenye folda ambayo wengine wanaweza kuiandika. Andika haya huko kwenye seva:

`chmod go-w ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Vyuo vingi haviruhusu kufika moja kwa moja kwenye mashine ya kazi. Unapitia seva ya lango. Usinakili ufunguo wako wa siri kwenye lango, wala usizoee `-A`, inayoliruhusu lango kuutumia ufunguo ulio kwenye laptopu yako, kwa kuwa msimamizi wa lango, au mvamizi aliyeliteka, anaweza kuutumia ufunguo wako muda wote ukiwa umeingia. Njia safi ni kuandika hivi kwenye `~/.ssh/config` ya laptopu yako:

`Host kazi`
`  HostName kazi.chuo.example`
`  User jina`
`  ProxyJump jina@lango.chuo.example`
`  ServerAliveInterval 30`
`  ServerAliveCountMax 6`

Kuanzia hapo unaandika `ssh kazi` tu. Mistari miwili ya mwisho ni ya kwetu hasa. Mitandao ya simu huvunja muunganisho uliokaa kimya, na nyumba za mawe za Lamu, kwa unene wa kuta zake, humeza mawimbi. Mtu akitoka ukumbini kuingia ndani, baa zinashuka. Sekunde 30 mara 6 ni dakika tatu za kuvumilia kabla laptopu haijakata tamaa. Skrini ikiganda kabisa, bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta.

Lakini hakuna mpangilio utakaoishinda stima ikikatika na ruta ikazimika. Ukishaingia tu, anza na `tmux new -s kazi`, ndipo uendeshe programu zako. tmux huziweka hai kwenye seva hata ukitoka. Muunganisho ukikatika, kazi haikatiki. Ukirudi, `tmux attach -t kazi`. Kama chuo kinatumia Slurm, programu ya kupanga foleni ya hesabu kwenye seva, peleka hesabu nzito kwa `sbatch`, maana kuziendesha kwenye lango kutakuletea barua kali kutoka kwa msimamizi, tena ya haki.

Kwa mafaili makubwa achana na `scp`, amri ya kunakili inayokuja na SSH, kwani ikikatika katikati ya gigabaiti mbili itaanza upya kwa bando lako. `rsync -avzP kazi:matokeo/ matokeo/` hubakisha kilichokwisha kufika na kuendelea kutoka hapo.

Ukishindwa kuunganishwa, soma ujumbe kabla ya kubadilisha chochote. `Connection timed out` huashiria njia imezibwa: baadhi ya waifai huzuia mlango namba 22 unaotumiwa na SSH, au chuo kinataka uwashe VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wake, kwanza. Jaribu kwa data ya simu ujue ni upande upi. `Connection refused` ina maana umefika kwenye mashine lakini hakuna kinachosikiliza hapo, au umekosea namba. `Permission denied` ni suala la jina au ufunguo. Amri `ssh -v kazi` itaonesha ni ufunguo upi uliotolewa. Na kama chuo kinadai msimbo wa tarakimu sita unaobadilika kila sekunde 30, nao unakataliwa, tazama saa ya simu: iache ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

Kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Laptopu ikiibwa au ikizama na mashua, ingia kwa kifaa kingine ukafute mstari wa `laptopu-lamu` kwenye `authorized_keys`. Huna kifaa kingine? Mpigie msimamizi siku hiyo hiyo aufute yeye.