Je, wajua kwa nini chuo cha ufundi cha serikali hakibadiliki kwa kubadilishwa mkuu peke yake?

Kila ikitoka taarifa ya uteuzi Ikulu ya Zanzibar na ndani yake kukawa na mkuu mpya wa taasisi ya ufundi, barazani watu hugawika. Wapo wanaosema sasa chuo kitanyooka, na wapo wanaosema huyu naye ni wale wale. Pande zote mbili lakini zimekubaliana kitu bila ya kujijua, kwamba mkuu ndo chuo chenyewe, akiwa mzuri chuo kizuri, akiwa mbovu basi tena. Si kweli hivyo, na inafaa tukae hapa kidogo maana dhana hii ndo inayofanya mageuzi mengi ya vyuo yaonekane yamefeli wakati hata hayajaanza.

Chukua mashine ya kukereza kwenye karakana, imeungua mota. Mtu wa nje anaona jambo dogo, si mkuu atoe pesa inunuliwe nyengine? Sasa ifuate hiyo mota. Mkuu wa idara anaandika dokezo, dokezo linakwenda uhasibu kuangaliwa kama kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ina kitu, kitengo cha manunuzi kinatafuta profoma za bei kutoka kwa wauzaji, na ikiwa bei imepanda juu ya kiwango inaingia kwenye bodi ya zabuni, yote hayo chini ya Sheria ya Manunuzi Na. 11 ya 2016 ambayo mkuu hawezi kuiruka hata awe na haraka vipi. Na kasma ikiwa imeandikiwa pesa lakini Hazina haijaingiza, saini zote ziko sawasawa na mota haipo. Halafu mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mkuu aliyeteuliwa Novemba anaendesha bajeti aliyoipanga mwenziwe, mpaka aje kupanga yake watu washamchoka.

Kuajiri ni hivyo hivyo. Mwalimu wa umeme akihamia kampuni binafsi, nafasi yake haijazwi kwa mkuu kumpigia simu mtu anayemjua, kuna vibali vya ajira na kuna Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011. Mitaala nayo na ngazi za vyeti zinatazamwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya amali. Ukitoa pesa, watu na mitaala, kilichobaki mezani kwa mkuu si kingi, ingawa si bure pia: nidhamu, ratiba, nani anaingia darasani na nani haingii, na jinsi anavyozungumza na wenye viwanda. Mkuu mvivu anaweza kukiua chuo vizuri tu. Ila kukiharibu na kukijenga havihitaji madaraka sawa.

Kwa watu wa huku Zanzibar namna rahisi ya kuielewa ni wakfu, mali iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani. Nyumba ikishawekwa wakfu ina msimamizi wake, mutawalli. Anakusanya kodi, anaziba paa linalovuja, anagawa kinachobaki kwa waliotajwa kwenye hati. Kuiuza hawezi, kubadilisha masharti ya aliyeiweka hawezi, na mara nyingi hata kupangisha kwa muda mrefu sana lazima aombe ruhusa kwa wenye mamlaka juu yake. Sasa mpangaji anayeona paa linavuja anamlaumu mutawalli, na pengine ana haki, lakini pengine hati yenyewe imemfunga mikono au kodi ni ile ya zamani isiyonunua hata bati moja. Ukimtoa ukaleta mwengine na hati ukaiacha ile ile, kwa wa pili paa litavuja vile vile. Sheria iliyoanzisha chuo ndo hati, mkuu ndo mutawalli, na baraza au bodi ya chuo ndo inayosimamia kwamba hati inafuatwa. Tofauti ni kwamba hati ya chuo inabadilishika, ikipelekwa mswada Baraza la Wawakilishi, na baraza la chuo mara nyengine lina sauti hata juu ya mkuu mwenyewe.

Hilo baraza la chuo ndo watu wanalolidharau, wanaliona la posho na chai. Yapo ya hivyo.

Mfano mzuri wa hati kubadilishwa ni Uingereza. Vyuo vyao vya politekniki, yaani vyuo vya ufundi vya ngazi ya juu, vilikuwa chini ya halmashauri za miji na wilaya, majengo ya halmashauri, wafanyakazi wa halmashauri. Sheria ya elimu ya 1988 ikavitoa huko, na kuanzia Aprili 1, 1989 kila kimoja kikawa shirika linalojitegemea, lenye mali yake, waajiriwa wake na bodi iliyojaa watu wa viwanda na biashara. Wakuu wengi walikuwa wale wale waliokuwepo. Miaka 3 tu mbele, sheria ya 1992 ikaviruhusu kuwa vyuo vikuu. Usikimbilie kusema uhuru ndo uliovifikisha hapo, siasa ya wakati ule nayo ilisukuma, kuzitenganisha sababu hizo si kazi nyepesi.

Nigeria wao walishika upande wa mkuu. Marekebisho ya sheria ya politekniki za shirikisho ya 2019 yalimpa mkuu muhula mmoja wa miaka 5, badala ya 4 inayoweza kurudiwa. Hoja inaeleweka, asiyetafuta muhula wa pili hana haja ya kujipendekeza. Lakini pia hana wa kumtisha mwaka wa mwisho, kwa hiyo mtu akikwambia hilo peke yake limeponya chuo, muulize baraza lake lina nguvu gani.

Kichekesho kiko New Zealand. Mwaka 2020 waliunganisha politekniki 16 ziwe taasisi moja, Te Pūkenga, na kila chuo kilichokuwa na baraza lake kikajikuta chini ya baraza moja la nchi nzima. Majengo yalibaki, madaraka ndo yaliondoka. Serikali iliyofuata ikaanza kuivunja, na Januari 1, 2026 politekniki 10 zikarudi kusimama zenyewe na mabaraza yao. Ila si zote zilizorudi, kuna ambazo hesabu zake hazikutosha kujiendesha zikabakishwa pembeni zikisubiri kupangiwa, na huko kuteua mkuu mpya kusingesaidia kitu, maana hata baraza likirudi litakutana kujadili akaunti isiyo na pesa.