Mama akiugua saratani: familia inaweza kuupa utafiti nini?

Ndugu wa mgonjwa wanapofika katika kliniki yetu ya saratani hapa Mwanza, huuliza kwanza juu ya gharama na kisha juu ya kupona. Swali la utafiti huja baadaye, matibabu yakishaanza, na kwa kawaida huulizwa na yule mtoto anayelala na mgonjwa wodini: je, ugonjwa wa mama unaweza kuwasaidia wengine, na sisi tufanye nini? Wengi hudhani nitataja michango ya fedha. Mimi huwajibu kwamba utafiti unahitaji kwao ukweli kuhusu mgonjwa, tangu siku ya majibu hadi siku ya mwisho ya kumfuatilia, na ukweli huo hauwezi kupatikana kama mwenyewe amefichwa ugonjwa wake.

Nitazungumzia zaidi saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na ndiyo inayowaleta akina mama wengi kwetu kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu na kwingineko kando ya ziwa.

Majibu yakitoka, mtoto mkubwa au mjomba huniomba pembeni: "Daktari, mama asijue. Ana presha huyu, ukimwambia tutampoteza leo leo." Ombi hilo hutoka kwenye mapenzi, nami sijawahi kulichukulia kama ujinga. Lakini mama anayeambiwa kwamba ana "kidonda tu" atashangaa kwa nini kidonda kinatibiwa kwa mionzi wiki tano, ataacha matibabu damu ikikata, na hawezi kuridhia utafiti wowote, kwa sababu ridhaa ya mtu asiyejua anaumwa nini si ridhaa. Kwa hiyo, kabla majibu hayajafika, huwa namwuliza mgonjwa mwenyewe: "Mama, majibu yakitoka ungependa nikueleze wewe, na nani awepo?" Baadhi hujibu kwamba wameshajua, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakifua kanga zenye damu na kuona mwili ukikonda kwa miezi kadhaa huku watoto wakiamini kwamba siri wanaishika wao.

Jambo la pili ni kinyama. Kinyama kinachokatwa kwenye mlango wa kizazi ili kipimwe hakizidi sana punje ya mchele, na familia nyingi hukabidhiwa wakipeleke wenyewe maabara, pengine kwa basi au kwa meli kutoka Nansio, kule Ukerewe. Kinapaswa kuwa ndani ya formalini, yaani dawa ya maji ya kuhifadhia nyama ya mwili, yenye asilimia 10, kikiwa kimefunikwa kabisa, jina na tarehe vikiwa vimeandikwa kwenye kikopo chenyewe na si kwenye kifuniko. Kikikaa kikavu, au kikiwekwa kwenye maji ya dripu au spiriti, seli huharibika na mtaalamu wa patholojia hawezi kusema kwa uhakika ni saratani ya aina gani. Kikitunzwa vizuri, huzamishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na hupakwa rangi ya zambarau na waridi ili viini vya seli vionekane chini ya hadubini. Kile kipande cha nta kinachobaki hudumu kwa miaka mingi, na humo vinasaba vya seli na vya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani hii, vinaweza kupimwa hata baada ya muda mrefu. Ndiyo maana, familia inapoulizwa kama kinyama kilichobaki kinaweza kuhifadhiwa kwa utafiti, naomba swali hilo lipewe uzito. Mama hakatwi tena, lakini kile kilichokwisha kukatwa kinaendelea kufanya kazi.

Wapo wanaohofu kwamba mgonjwa anafanywa kitu cha kujaribia, na hofu hiyo haifai kupuuzwa. Huwaeleza habari za dripu ambayo mama yao anapewa kila wiki pamoja na mionzi, yaani dawa ya sisplatini. Hadi miaka ya 1990, wanawake wengi wenye hatua kama yake walipewa mionzi peke yake. Mwaka 1999 tafiti tano zilionyesha kwamba kuchanganya mionzi na dawa hiyo kunapunguza vifo, na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikawatangazia madaktari wabadilishe utaratibu. Kila aliyeshiriki tafiti hizo alikuwa mama au dada wa mtu, akatia saini akijua hachagui yeye kundi atakalowekwa.

Wala si lazima twende Marekani. Kuanzia mwaka 2017, hapa hapa Mwanza, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliandikishwa katika utafiti uitwao DoRIS, wakagawanywa bila upendeleo kupata dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV. Miezi 24 baadaye, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili, yaani kinga ya mwili inayoonekana kwenye damu, dhidi ya HPV aina ya 16, ambayo ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya saratani hii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania, iliyokuwa imeanza na dozi mbili mwaka 2018, ikahamia dozi moja. Wazazi wa Mwanza walioruhusu mabinti zao kushiriki wamechangia uamuzi unaowagusa watoto wa nchi nyingi, nami nalisema hili kwa fahari kila ninapopata nafasi.

Hapa mabinti wa mgonjwa huuliza kama wao nao wamerithi. Saratani hii si ya ukoo. Husababishwa na virusi ambavyo watu wengi hupata na kuviondoa bila hata kujua, ila kwa wachache hubaki kwa miaka mingi. Binti aliyefikisha miaka 30 akapimwe mlango wa kizazi, na mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25, kwa sababu hatari yake ni kama mara sita ya mwanamke asiye na VVU.

Katika kumuuguza, mzigo mkubwa ni muda. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani, inayotolewa kwenye mlango wa kizazi wenyewe, na yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki nane kwa sababu saratani hunufaika na kuchelewa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko, lakini bado mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku akiwa anatapika. Familia zinazomudu ni zile zinazokaa kikao mapema na kugawana zamu, badala ya kumwachia binti mmoja kila kitu kwa kuwa hajaolewa. Anayeshika zamu awe na daftari: mama ametapika mara ngapi, amekunywa maji kiasi gani, mkojo umepungua au la, ametumia mitishamba gani. Sisplatini huumiza figo, na baadhi ya mitishamba nayo huziumiza. Nikifichwa nitapunguza dozi ya dawa isiyo na kosa, na mtafiti naye ataandika madhara hayo kwenye jina la dawa hiyo.

Kuhusu hati ya ridhaa, daini iandikwe kwa Kiswahili, na kama mama hasomi asomewe mbele ya shahidi asiye mtafiti kabla ya kuweka dole gumba. Utafiti lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, na sampuli haiendi nje ya nchi bila idhini ya taifa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mama akikataa, au akibadili nia katikati, matibabu yake ya kawaida yanaendelea vilevile.

Pengo kubwa kuliko yote huja baada ya matibabu. Mgonjwa hurudi kijijini, namba ya simu hubadilika, na kwenye rejesta tunabaki na jina lisilo na mwisho: hatujui kama amepona, kama ugonjwa umerudi, au kama alishazikwa. Tukikosa taarifa za wengi namna hiyo, hatuwezi kusema kama matibabu yetu yanafaa. Naelewa kwamba ndugu walio msibani hawafikirii hospitali, na wengine wanaogopa kudaiwa. Simu yetu huomba tarehe ya kifo, mahali, na dalili zilizomsumbua zaidi wiki za mwisho, hasa maumivu na damu, na kama alipata dawa za maumivu. Anayejua hayo ni aliyemwuguza, hivyo namba itakayoandikwa kwenye faili iwe yake, pamoja na ya jirani mmoja asiyehama, hata kama msemaji wa familia ni kaka mkubwa anayeishi Dar es Salaam.