Tafuta mshono: ninavyotazama matangazo ya kampeni za urais

Wiki iliyopita nilimwekea shangazi yangu tangazo la sekunde 60 kwenye kompyuta, sebuleni kwake Ng'ambo, hapa Tabora. Shangazi hajui Kiingereza. Sikumwambia ni tangazo la nini wala la mwaka gani. Mtoto wa kike amesimama kondeni, anachuma petali za ua moja moja huku anahesabu, na ndege wanalia. Akifika tisa anainua uso, picha inaganda. Sauti nzito ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kumi mpaka sifuri, huku jicho la mtoto likivutwa karibu hadi weusi wa mboni unajaza kioo chote. Kisha bomu la nyuklia linalipuka.

Shangazi alinyamaza kidogo, akauliza: "Huyo aliyehesabu mara ya pili ni nani?"

Nimewafundisha vijana wengi kuhariri video, na sikumbuki aliyefika kwenye swali hilo kwa kutazama mara moja. Wengi huuliza mtoto ni nani, au bomu lililipuka wapi. Shangazi aliweka kidole palepale pa mshono.

Mimi ni mhariri wa picha na sauti. Riziki yangu inatoka kwenye harusi, kipaimara na mahafali, lakini kwa miaka sasa nimekuwa nakusanya matangazo ya zamani ya kampeni za urais na kuyafumua kipande kwa kipande. Ya Marekani ndiyo mengi zaidi, kwa sababu wenzetu walianza mapema na walihifadhi. Liko jumba la makumbusho ya picha jongefu kule New York ambalo limeyaweka kwenye mtandao kuanzia yale ya 1952, na mtu yeyote anaweza kuyatazama.

Naita mshono mahali ambapo vitu viwili vilivyotengenezwa mbali mbali vimekutanishwa: picha na picha, picha na sauti, sauti na maandishi. Mtengenezaji hodari hakwambii la kufikiri. Anakuwekea vipande viwili jirani, nawe unaviunganisha mwenyewe, na kwa kuwa umeunganisha mwenyewe unaliona wazo kuwa lako. Ndiyo maana kila tangazo nalitazama mara tatu. Mara ya kwanza nazima sauti. Mara ya pili nafumba macho nasikiliza tu. Mara ya tatu naviweka pamoja, na ninasimamisha pale ambapo macho na masikio yalikuwa yameniambia mambo tofauti.

Turudi kwa yule mtoto. Tangazo linajulikana kwa jina la Daisy. Lilirushwa usiku wa tarehe 7 Septemba 1964 kupitia kituo cha televisheni cha NBC, likiwa la kumpigia debe Rais Lyndon Johnson dhidi ya Barry Goldwater. Lililipiwa mara moja tu. Baada ya hapo taarifa za habari zikalirudia bure kwa sababu ya kelele zilizozuka. Lilitengenezwa na kampuni ya Doyle Dane Bernbach pamoja na fundi wa sauti aitwaye Tony Schwartz, na ukifumba macho utagundua kwamba kazi yote ya msingi ni ya sauti. Hesabu ya mtoto inapanda, tena kwa makosa, anachanganya sita na saba. Hesabu ya mwanamume inashuka bila kosa hata moja. Hesabu mbili, moja ya mchezo na nyingine ya kifo, zimeshonwa kwenye uso mmoja ulioganda. Kosa la mtoto lingeweza kufutwa kwa kurudia kupiga picha. Waliliacha, na nadhani ndilo linaloufanya usahihi wa yule mwanamume utishe.

Jina la Goldwater halitajwi popote. Halikuhitajika. Goldwater alikuwa ameshazungumzia silaha za nyuklia kwa namna iliyowatia watu hofu, na Wamarekani walikuwa hawajamaliza hata miaka miwili tangu mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962, nchi yao ilipokaribia vita vya nyuklia na Urusi ya Kisovieti. Mtazamaji alikuja na hofu yake kutoka nyumbani, tangazo likamfungulia mlango itoke. Schwartz aliamini hivyo waziwazi: kazi ya tangazo si kumwingizia mtu kitu kipya, ni kugusa kilichokwisha kuwamo.

Na hapo ndipo shangazi alinifundisha jambo. Alielewa kuwa mtoto amekufa, alielewa kuwa mwenye sauti anahusika, lakini hakufikiria mwanasiasa yeyote. Kwake lilikuwa tangazo la kukataza vita. Mshono ulifanya kazi, ila nyuzi za mwisho zilikuwa kwenye kumbukumbu za Wamarekani wa 1964, wala hazikuwa kwenye mkanda. Ukilinganisha matangazo ya nchi mbili au ya zama mbili bila kuuliza mtazamaji alikuja na nini, utakuwa unalinganisha vitambaa tu.

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo mishono ilikuwa ya wazi kabisa. Mwaka 1952 Jenerali Dwight Eisenhower aliuzwa kwa matangazo mafupi ambamo mwananchi anauliza swali naye anajibu. Mama mmoja analalamikia bei za vitu, Eisenhower anajibu kwamba hata mke wake, Mamie, humlalamikia gharama za maisha. Tazama bila sauti: muulizaji na mjibuji hawaonekani pamoja kwenye fremu moja hata mara moja. Majibu yalirekodiwa kwanza, kwa siku moja, katika studio ya New York. Waulizaji walitafutwa baadaye, wengi wakiwa watalii waliokutwa kwenye ukumbi wa Radio City Music Hall, wakapewa maswali yanayolingana na majibu yaliyokwisha kuwapo. Aliyebuni mtindo huo, Rosser Reeves, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Mpinzani wa Eisenhower, Adlai Stevenson, aliona ni aibu kuwauza wagombea kama nafaka za kifungua kinywa. Stevenson alishindwa, na kila aliyemfuata akaingia sokoni.

La 1984 linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Ni lile la Rais Ronald Reagan, akigombea muhula wa pili, linaloanza kwa maneno kwamba asubuhi imeingia tena Amerika. Aliyeliandika na kulisoma ni Hal Riney, kwa sauti ya mtu anayekusimulia jambo jema barazani. Macho yanaona mtu anakwenda kazini, familia inahamia nyumba mpya, bibi anamkumbatia bibi harusi, bendera inapandishwa. Masikio yanasikia takwimu: riba imepungua, mfumuko wa bei umeshuka, leo alasiri vijana 6,500 watafunga ndoa.

Nimehariri harusi nyingi mno nisiijue picha hiyo ya bibi na bibi harusi. Ndiyo picha ninayoitafuta kwanza ninapopokea mikanda, kwa sababu haijawahi kushindwa kuliza watu. Lakini watu huoana kila Jumamosi, awe ametawala nani. Mfumuko wa bei kweli ulishuka, kutoka asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi asilimia 4.3 mwaka 1984, na hilo lilikuwa la kujivunia. Ukosefu wa ajira ni habari nyingine. Tangazo linasema wanaokwenda kazini ni wengi kuliko wakati wowote katika historia ya nchi, na ni kweli, kwa sababu watu wenyewe walikuwa wameongezeka. Kiwango cha wasio na kazi kilikuwa wastani wa asilimia 7.5 mwaka 1984, na mwaka 1980 kilikuwa asilimia 7.1. Hakuna uongo uliosemwa. Umechaguliwa ukweli mmoja, ukashonwa kwenye harusi, na furaha ya harusi ikapita upande wa takwimu. Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50. Simaanishi tangazo ndilo lililompa, uchumi ulikuwa unapanda. Tangazo liliipa hali hiyo sura ya bibi harusi.

Sasa nifike kwenye lile ninalotumia darasani kuliko yote, la 1988, la George Bush mkubwa dhidi ya Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts. Picha hazina rangi. Wanaume waliovaa kifungwa wanapanga foleni, wanaingia kwenye geti la nondo linalozunguka na kutoka upande wa pili. Msimulizi anasema sera ya Dukakis iliwapa ruhusa ya mwisho wa wiki wauaji wa daraja la kwanza wasiostahili parole, yaani kuachiwa kabla ya kifungo kuisha, na kwamba wakiwa nje wengi walifanya makosa mengine. Wakati sauti inazungumzia wauaji, maandishi yanatokea kwenye kioo: 268 walitoroka.

Nawaambia wanafunzi wafumbe macho. Wanasikia wauaji, hawasikii 268. Nawaambia wazime sauti. Wanaona 268, hawaoni neno wauaji. Kisha naviunganisha na kuuliza: wauaji wangapi walitoroka? Darasa zima, kila mara, linajibu 268.

Jibu sahihi ni wanne. Mtafiti wa Marekani Kathleen Hall Jamieson ndiye aliyelifumua tangazo hili vizuri kuliko wengine: wale 268 ni wafungwa wa aina zote waliotoroka wakiwa kwenye ruhusa, na waliokuwa wauaji wa daraja la kwanza ni wanne tu. Mpango wenyewe ulianzishwa na gavana aliyemtangulia Dukakis, wa chama cha akina Bush. Na tangazo halikuja peke yake. Muda mfupi kabla, kundi lililojitegemea lilikuwa limerusha tangazo lenye sura ya mfungwa mmoja mweusi aliyefanya unyama akiwa kwenye ruhusa hiyo. Kwa hiyo mtazamaji alipoliona geti likizunguka, sura alikuwa nayo tayari kichwani, na hofu ya rangi ikafanya kazi bila mtu kuitaja. Kila nikifika hapa darasani nahisi hasira ileile niliyoihisi mara ya kwanza. Ni kazi ya fundi mwenye akili, na aliitumia hivyo.

Wasomaji wengi huniuliza kuhusu matangazo yetu. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza kurusha vipindi 1994, na mwaka uliofuata tukawa na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe, wagombea wakiwa Mkapa, Mrema, Cheyo na Profesa Lipumba, ambaye ni mtoto wa Tabora. Kwetu kampeni zilikuwa gari la vipaza sauti, kanga, fulana na mkutano wa hadhara, na mpaka leo tangazo letu la televisheni ni mkutano wa hadhara uliofupishwa.

Hata hivyo mishono tuliijua zamani. Babu yangu alipiga kura mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, na alikuwa anapenda kuusimulia. Katika majimbo walishindana wagombea wawili, wote wa TANU, na kwa ajili ya wasiojua kusoma mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Alama hazikuwa na maana yoyote. Lakini, alivyosimulia babu, wa jembe alikuwa anasimama na kuuliza nani aliwahi kula nyumba, na wa nyumba anamjibu kwamba hata mwenye jembe jioni hulirudisha nyumbani. Ni ufundi uleule: alama tupu imeshonwa kwenye maisha ya mkulima, na mkulima amemalizia mwenyewe.

Mwaka 2015, John Magufuli alipiga pushapu jukwaani. Afya ya mpinzani wake, Edward Lowassa, ilikuwa ikizungumzwa nchi nzima. Picha ile haikumtaja mtu. Kwa uchambuzi wangu ndiyo picha yetu iliyokaribia Daisy kuliko zote kwa jinsi ilivyofanya kazi, ingawa moja ni ya hofu na nyingine ni ya nguvu.

Kinachotutofautisha zaidi ni umati. Matangazo ya Kimarekani niliyoyataja hayana umati: mtoto mmoja, mama mmoja, bibi mmoja. Kwetu bila umati tangazo halijakamilika, na mwaka huo wa 2015 neno mafuriko lilipata maana mpya kabisa, ya watu kufurika mikutanoni. Mshono wetu basi uko kati ya umati na umati. Chukua mikutano mitano ya miji mitano, iweke chini ya wimbo mmoja. Wimbo hauna mkato, kwa hiyo sikio linasadiki kwamba na umati haukukatwa. Ongeza lenzi ndefu inayobana watu waonekane wamesongamana hata pale walipoachana hatua mbili. Ukitaka kuuona mshono, zima wimbo, halafu angalia vivuli vinaelekea wapi, jukwaa lina vitambaa gani, ardhi ni ya rangi gani.

Nilimwekea shangazi tangazo moja la aina hiyo siku ileile, chama sikitaji. Safari hii lugha aliielewa yote, na aliimba hadi kiitikio. Likaisha, akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. "Simamisha hapo, baba," akasema, akasogeza miwani. "Wamesema hapa ni Tabora. Miembe yote hii tunayo, lakini ule mlima wa nyuma wameutoa wapi?"