"Nyinyi huko ni kula na kulala tu": yanayosemwa kuhusu maisha ya melini, na yalivyo

Kila nikirudi Mombasa kutoka melini, shangazi yangu wa Bondeni hunitazama mikono kwanza. Akiona haina sugu huwa ameshahukumu: "Mwanangu, nyinyi huko ni kula na kulala tu." Nimekuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za kitalii kwa mikataba mitano, na maneno hayo nimeyajibu barazani, kwenye matatu, hata msibani. Safari hii nayajibu kwa maandishi, nikianzia siku moja ya mvua mjini Bergen, maana mvua bandarini ndiyo inayoiumbua meli.

"Meli ikifunga gati, wafanyakazi wanapumzika"

Bergen iko pwani ya magharibi ya Norwei, imezungukwa na milima saba. Upepo wa magharibi huja na unyevu wa Atlantiki, hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa, kisha mawingu humwaga yote mjini. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, karibu maradufu ya Mombasa. Kati ya mwisho wa Oktoba 2006 na Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo. Masika yetu yanaonea haya.

Sisi tulifunga gati Skolten, chini ya ngome ya zamani, saa mbili asubuhi. Siku ya jua, abiria hushuka karibu wote. Mchana ukumbi wa chakula unabaki na meza chache, na mhudumu aliyebahatika hupata saa mbili tatu za kwenda mjini kutafuta intaneti na kumpigia mama simu. Nasema aliyebahatika, kwa sababu sehemu ya wafanyakazi lazima ibaki melini hata bandarini, ili moto ukizuka pawe na watu wa kuuzima na kuwatoa abiria.

Mvua inaipindua hesabu hiyo. Abiria nusu walichungulia ngazini wakarudi kabini. Waliojitosa walikuwa wamesharejea baada ya saa moja, wameloa chapachapa na njaa inawauma. Wakiwa bandarini hawana pa kwenda humo ndani: kasino imefungwa, maduka yasiyotozwa ushuru yamefungwa, kwa kuwa sheria za nchi mwenyeji haziruhusu. Basi wote wakaja kula. Tulihudumia chakula cha mchana mpaka kikakutana na chai ya alasiri, na ruhusa yangu ya kushuka ikayeyuka nikiwa nimebeba sahani za supu.

Shangazi, tufanye hesabu pamoja. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unampa baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na saa 77 kwa siku saba. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Si kila meli inazitumia zote 91, lakini nyingine hazisazi, na katika miezi yote ya mkataba hakuna Jumapili.

"Bandari yenye mvua ni siku iliyoharibika"

Hili ni la abiria, nami nililiamini mpaka msimu uliofuata, nilipopata saa tatu za kushuka Bergen hiyohiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, bila shaka.

Karibu na gati kuna Bryggen, safu ya nyumba za mbao zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, umoja wa miji ya biashara, walikaa hapo kwa karne nyingi wakinunua samaki mkavu wa kaskazini na kuuza nafaka. Moto ulipitia mji mwaka 1702, na nyumba zilizopo zilijengwa baadaye kwa mtindo uleule. Kwa kuogopa moto, wafanyabiashara hao hawakuruhusiwa kuwasha hata jiko ndani ya nyumba hizo. Walijipashia joto kwenye kumbi za pamoja zilizojengwa nyuma. Fikiria majira ya baridi ya huko.

Kati ya nyumba kuna vichochoro vyembamba, na roshani za juu zimesogeleana kiasi kwamba mvua inakufikia kwa matone tu. Nilisimama humo nikakumbuka Mji wa Kale, kwetu kichochoro ni cha kukimbia jua. Siku ya jua Bryggen hujaa watu wa kupiga picha hata mbao huzioni. Siku ile nilikuwa mimi, harufu ya mbao zilizolowa, na paka mmoja aliyekuwa na shughuli zake.

Nilichokosea ni kupanda Fløibanen, treni ya mlimani iliyopo tangu 1918, ambayo humfikisha mtu mita 320 juu ya bahari. Kule juu nililipia kutazama wingu kutoka ndani. Na mwavuli achana nao, upepo utakuaibisha. Vaa koti la mvua.

"Kupata kazi melini lazima umpe wakala kitu"

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Kabla ya mkataba wangu wa kwanza nilimpa mtu mmoja mjini pesa "za faili". Faili hilo sijaliona mpaka leo.

Mkataba ule wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Yanayoweza kuwa juu yako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni gharama ya mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama ni jambo jingine, hayo mara nyingi utayalipia mwenyewe, lakini unalipa chuo na unapewa risiti. Anayekuambia utume kwa simu "upesi kabla nafasi haijajaa", mwambie akupe namba ya leseni, kisha nenda kaiulize Mamlaka ya Bahari ya Kenya, au TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa aliye Tanzania Bara. Wengi hukata simu hapo hapo.

Madogo madogo ya barazani

Kwamba meli kubwa haiyumbi: inayumba. Ina mapezi pembeni, chini ya maji, yanayopunguza kulala ubavu huu na ule, lakini pua inapopanda na kushuka mapezi hayasaidii sana.

Kwamba maji ya kunywa hubebwa yote kutoka bandarini: mengi hutengenezwa baharini, ama kwa kuyachemsha maji ya chumvi kwa joto la injini, ama kwa kuyasukuma kwenye vichujio.

Kwamba abiria akifa huwekwa pamoja na nyama: hapana, jamani. Kuna chumba cha maiti peke yake, na kwenye safari za miezi mitatu minne, zenye wastaafu wengi, si chumba cha urembo.

Kwamba dawa ya mikono ya pale mlangoni inatosha: kirusi cha kuhara na kutapika kinachosumbua meli hakiogopi sana alkoholi. Sabuni na maji.

"Siku zote melini ni sawa, saa 24"

Hili mwenye kulala kwenye kitanda cha juu, kabini ya watu wawili, chini ya usawa wa maji, ndiye anayelijua. Meli ikielekea mashariki, kila baada ya siku chache saa husogezwa mbele kufuata saa za huko tunakokwenda, na saa moja ya usingizi inapotea usiku. Ukivuka bahari kuu upande huo, utaona wahudumu wana macho mekundu, abiria wakidhani tulikuwa disko. Ikielekea magharibi saa hurudishwa nyuma, usiku unarefuka, na hata mpishi mkuu huanza kusalimia.

Usiku ule wa Bergen, baada ya siku ya supu na viatu vilivyolowa, tulikuwa tunaelekea Iceland, iliyo nyuma ya Norwei kwa saa mbili wakati wa kiangazi. Tulifua vitambaa, tukafuta maji kwenye zulia, tukashuka kwenye ujia mrefu wa wafanyakazi ambao melini huitwa I-95, kama ile barabara kuu ya Marekani. Spika ikatangaza: usiku huu saa inarudi nyuma, na kesho usiku tena. Ujia mzima ukapiga makofi.